Wenye Watoto Vitani

Kila mchungaji aliponguruma, "Wapige, Bwana!" kanisa zima la bati pale Mpemba, jirani na mpaka wa Zambia, liliitikia "Amina!" Nesta alifunga mdomo.

Scola, aliyesimama naye bega kwa bega mbele ya madhabahu, alimchoma kiwiko. "Itikia, Mama Kefa. Unaogopa kumchosha Mungu?"

"Koo limekauka," Nesta alisema.

Ulikuwa mwaka ule vijana wetu walipopelekwa Kongo kupambana na waasi. Jumapili ya kwanza, Mchungaji Lusubilo aliita, "Wenye watoto vitani, piteni mbele!" Scola alitangulia, kilemba kipya kichwani, maana Clever wake alikuwa koplo. Nesta aliinuka kwenye benchi, akakaa, akainuka tena. Aliyeitwa ni mwenye mtoto vitani, naye alikuwa naye. Akaenda.

Hakuna aliyeshangaa. Kefa alijulikana. Aliondoka akiwa utingo kwenye lori la kwenda Lubumbashi, akapotea jumla, kisha siku moja mama yake akasema mtoto siku hizi ni mwanajeshi. Watu wakampa mkono. Nani asiyejua kwamba mtoto akiingia jeshini nyumba imepona njaa?

"Wangu walimkimbiza kwata kule kambini Itende mpaka akawa fito," Scola alimwambia siku hiyo walipokuwa wakitoka. "Wako alipitia wapi?"

"Walimkuta kazini, wakamchukua."

"Loo! Kuna watu wana nyota zao, jamani."

Na kusema kweli, pale mbele palimfaa Nesta. Wiki nzima aliwasongea ugali madereva wa malori yanayosubiri kuvuka, Wazambia wakimwita Bamayo, yaani mama, na akili yake ikiwa Jumapili tu. Mikono ya kanisa zima inapokuelekea, hata kama umejaa hofu, magoti yanapata nguvu. Mchungaji alipoomba ngao juu ya watoto wao, hakuna aliyepiga amina kumzidi Nesta. Mchungaji alipofika kwenye upanga wa kuwapiga waasi, ndipo koo lilipomkauka.

Siku moja alimfuata nyuma ya kanisa. "Baba Mchungaji, haiwezekani tukaomba tu wasipigane?"

Mchungaji alimtazama kwa huruma. "Mama Kefa, ukuta wa Yeriko hatukuambiwa uliombwa usogee. Ulianguka. Shida yako ni imani ndogo."

"Kweli, baba," Nesta alisema. Akaenda zake kuwasha moto.

Ijumaa simu yake iliita. Namba ya Kongo. Sauti ya Kefa ilikuja na upepo, inakatika, inarudi.

"Mama, tuko juu ya kilima. Bondeni wamejaa. Hatuna pa kupitia."

"Mwanangu!"

"Niombee, mama. Ile ya nguvu. Sema nitashuka."

"Utashuka. Mungu ana jeshi kubwa kuliko hao. Utashuka kwa miguu yako, unasikia? Kefa?"

Simu ilikuwa imekwisha kukatika.

Alikwenda kwa Scola mbiombio, ndala moja mguuni, nyingine sijui aliiacha wapi. Alisema neno moja tu, kwamba mtoto amezingirwa, na Scola hakuuliza la pili. Alifunga duka lake la vitenge mchana kweupe, soko likiwa limechangamka, akavua viatu, akalala kifudifudi sakafuni pamoja naye. Hawakula Ijumaa. Jumamosi hawakunywa hata maji. Scola alimtaja Kefa kwa jina mpaka sauti ikamkauka, akilia kama amemzaa yeye.

"Clever naye kanyamaza tangu juzi," alisema walipopumzika. "Labda wako pamoja."

"Wako karibu," Nesta alisema.

"Basi watalindana. Watoto wetu ni ndugu sasa, mwenzangu."

Nesta alimshika mkono, akaubana, akashindwa kuuachia.

Jumapili mahubiri yalikuwa katikati simu ya Scola ilipolia kwenye mkoba. Watu waliguna. Alipoiangalia tu akapiga ukelele, "Clever!" Mchungaji hakungoja. Aliichukua simu akaiweka kwenye kipaza sauti, kanisa zima lisikie.

"Mama! Tumewapiga! Kilima tumekichukua!"

Vigelegele vilipanda mpaka kwenye bati. Mpiga ngoma alianza bila kuambiwa.

"Tulieni! Tulieni!" Mchungaji alipunga mkono. "Mwanangu, tumepoteza wangapi?"

"Hata mmoja, mchungaji! Maombi yenu yamefika. Sisi tulikuwa bondeni, wao juu. Tukawazunguka pande zote. Hakushuka mtu."

Hapo hata wazee waliruka. Mchungaji alipiga magoti na simu mkononi, machozi yakimchuruzika. Scola alimkumbatia Nesta, akamtikisa, akamwinua juu kama mtoto.

"Umesikia? Hata mmoja! Tuliomba, na Mungu si kiziwi! Leo utaisema hiyo amina, Mama Kefa. Leo lazima!"

Nesta alimponyoka mikononi. Aliketi chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha, akavua kilemba chake taratibu akakiweka kando. Alianza kujiyumbisha. Wanawake walimzunguka wakiimba, wengine wakimpepea, wakisema furaha nayo inaangusha mtu.

Scola aliinama, akicheka na kulia. "Mbona unakaa mkao wa msiba, mwenzangu? Inuka. Watoto wetu wamepona."

"Wako amepona," Nesta alisema. "Wangu alikuwa juu."