Chini ya Zege

Wasimamizi wa ujenzi walisinzia somo zima la usalama wa kreni, wakisubiri chakula na vyeti. Bi Tunu, mkufunzi wao, aliwaona kama mizigo tu. Aliyemkera zaidi ni Lukindo, ambaye kwenye zoezi la uwanjani alifunga bonge la zege kwa mnyororo huku simu iko sikioni, kisha akaamuru linyanyuliwe.

“Umefunga sawasawa?” Bi Tunu alimuuliza.

“Mama, kazi hii naijua vizuri.”

“Basi kasimame chini yake.”

Lukindo akacheka. “Mimi nina watoto, mama.”

“Na vibarua unaowapitisha chini kila siku, wao hawana?”

Lukindo aliangalia juu, akaanza kurudi nyuma pamoja na wenzake. Bi Tunu akafyonya. Bonge likabaki linazunguka polepole juu ya uwanja mtupu.