Njuga za Nuru

Bi Mashavu alimvisha mjukuu wake njuga mguuni, zimetungwa kwenye uzi wa mpira, kisha akaketi barazani kuchambua mchele.

"Yale maji ya beseni uani si uyamwage tu?" akasema jirani yake, Bi Kidawa. "Mtoto wa miaka mitatu, na joto hili!"

"Maji ya kufulia niyamwage? Njuga zikilia, najua Nuru yuko wapi."

Njuga zililia jikoni, zikalia chini ya kamba ya nguo. Bi Mashavu alitabasamu, akaendelea kutoa chuya. Mara zikalia juu ya paa.

Wote wawili wakainua vichwa. Paka aliwatazama, njuga shingoni.

Mchele ulimwagika wote. Uani, Bi Mashavu alimkuta Nuru ameliinamia beseni, vidole vya miguu tu ndivyo vinavyogusa chini, anatafuta kikombe kilichozama. Akamnyakua kwa mkono mmoja, na beseni akalipindua kwa teke.

"Na maji ya kufulia je?" akauliza Bi Kidawa, akihema.

Bi Mashavu alikaa palepale kwenye tope la sabuni, mtoto kifuani. Paka akashuka, akapanda juu ya beseni lililopinduka, akaanza kujilamba. Na kila njuga zilipolia, Bi Mashavu alimpapasa Nuru kichwani, kuhakikisha.