Miguu ya Mwadime

Katika kaunti ile, sheria iliruhusu mzee mmoja tu katika kila nyumba kuuchosha moyo wake kwa mazoezi kwa siku. Mke akitoka jasho, mume alikaa kitako mpaka kesho yake.

Tangu wastaafu, Mwadime alikuwa amemwachia mkewe Wakesho siku zake zote. Kila asubuhi aliketi dirishani kutazama baiskeli nyekundu ya mkewe ikipanda njia ya changarawe katika vilima vya hifadhi, njia isiyojua gari wala pikipiki. Mama wa miaka sitini na minane! Leo, kwenye mwinuko wa mwisho, vijana walishuka wakakokota baiskeli zao; yeye akawapita akikanyaga pedali, vumbi likimfuata. Kifua cha Mwadime kilijaa fahari.

Wakesho alirudi amelowa jasho, anacheka. "Baba Mghoi, nimefika kileleni bila kushuka!"

"Nilikuona, mama. Nimekupigia makofi mpaka viganja vikauma."

"Basi kesho ni zamu yako. Kule juu upepo ni mtamu, lazima ukauonje."

Kwa kawaida angekataa, lakini furaha ya uso ule ilimshinda. "Haya. Hebu niishike hiyo baiskeli."

Akainuka. Hatua ya tatu magoti yalimlegea, akadaka ukingo wa meza.

Wakesho akaacha kucheka. "Tangu lini umekuwa hivi?"

Mwadime akaketi taratibu, akatabasamu. "Nenda wewe tu, mama. Unapanda vizuri mno."