Kiti cha SWM

Mji ule ulikuwa na SWM mbili: Shirikisho la Wanasoka Mjini na Shirikisho la Wafanyakazi Mjini. Siku ya fainali ya mpira, Bi Zamda, katibu wa wafanyakazi, aliona kiti kimebandikwa SWM kando ya Bwana Lukindo, mwenye kiwanda cha magunia na mgeni rasmi wa siku hiyo, aliyekwisha kumkimbia mara kumi na nne, mara moja kwa kuruka dirisha. Akakikalia.

"Mama, hicho ni cha watu wa mpira," mlinzi alinong'ona.

"Kimeandikwaje, mwanangu?"

Mlinzi akasoma, akajikuna kisogo, akaenda zake.

Lukindo alitamani kuondoka, lakini mji mzima ulikuwa unamtazama, amepakata kombe la mshindi.

"Mashine zako zimekula vidole saba," Bi Zamda alisema. "Zitie vifuniko. Karatasi hii hapa, tia sahihi."

"Bibi, huu ni mpira. Njoo ofisini."

"Ofisini huwa haupo."

Akamwekea karatasi na kalamu mapajani. Lukindo akalivuta kombe, ajifanye analipeleka uwanjani. Bi Zamda akalidaka.

Goli likaingia, uwanja mzima ukasimama ukipiga kelele. Wao wawili tu walibaki wameketi, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa kombe, hakuna anayeachia.