Ravioli za Asubuhi Hii

"Ravioli zimetengenezwa asubuhi hii hii, mzee wangu," meneja wa mkahawa alisema, akiweka sahani juu ya kitambaa cheupe. "Kula, leo ni juu yetu. Marehemu mkeo alikuwa mtu wetu."

Mtu wao! Alisukuma unga jikoni kwao mpaka akazeeka, wasimkaribishe mezani hata siku moja. Mashine yao mbovu ilipomkata kidole cha shahada, wakubwa wakasema ni uzembe wake.

Mzee alikuwa amechoka hata asiweze kununa. Alichoma kwa uma kifuko kimoja cha unga na jibini, akakigeuza, akakiinua karibu na macho.

Ukingo ulikuwa umebanwa kwa mikunjo mipana yenye pengo katikati, mikunjo ya mkono uliokosa kidole kimoja. Ravioli zilizopasuka mkewe alikuwa akimletea nyumbani. "Kula, baba watoto," alikuwa akimtania, "zina mapengo kama wewe."

Alimzika mwezi uliopita.

"Asubuhi hii?" mzee aliuliza.

"Kabisa, mzee wangu. Sisi hatugandishi chakula."

Mzee aliuteremsha uma polepole, asile.

"Nenda kwenye friza," alisema. "Zote zilizobaki za mke wangu, nifungie."