Pindo la Kanga

Daktari aliagiza misuko ya Salha ifumuliwe, ili kofia ya nyaya iguse ngozi ya kichwa. Umeme wake mdogo, alisema, huenda ukamrudishia binti huyo hamu ya kula. Mama akaanza kufumua. Msuko wa kwanza ukang'oka mzima, akabaki nao mkononi. Akaufunga upesi kwenye pindo la kanga. Wa pili nao vivyo hivyo.

"Mama, zinang'oka?"

"Nywele zako zimejaa tele, mwanangu. Tulia."

Akavishwa kofia. Mashine ikanguruma kidogo, kisha ikazimwa. Mama akamimina uji, akamsogezea kikombe. Salha akanyoosha mkono. Mama akashusha pumzi.

Vidole vyembamba vikapita kando ya kikombe, vikashika pindo la kanga, vikaanza kulifungua fundo.