Mkono Kisogoni

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," mchungaji alisema, akamzamisha dereva kwenye kisima cha ubatizo.

Kumwinua ndiko kulikomshinda.

Mtu huyu, akiwa amelewa chakari, ndiye aliyemgonga na kumuua Kipusa, binti wa pekee wa mchungaji. Hakimu alimpiga faini, mambo yakaisha. Sasa kisogo chake kilikuwa kiganjani mwa mchungaji, wala hakufurukuta. Mapovu yalipanda, yakapungua.

Kwaya ilimaliza pambio, ikalirudia.

Vidole vya dereva, vilivyokuwa vimeshika joho, vikaachia.

Mke wa mchungaji akasimama. Tangu mazishi hakuwahi kulitamka jina la mwanawe.

"Baba Kipusa," aliita. "Mtoe mtoto wa watu."